Weusi Si Mmoja

Siku ya kwanza Chinduli alinipa picha za pasipoti:
nyuma bluu, masikio yote mawili, chunusi zifutwe.
"Chota ngozi safi hapa, pandikiza kwenye doa."
Nikapandikiza. Kufikia adhuhuri
nilikuwa nimeosha nyuso kumi na nane,
zote zimefanana kama sahani
zilizoanikwa uani.

Duka letu liko Majengo, Mtwara, ubavuni mwa muuza ndala.
Tunatoa nakala, tunachapa ratiba za mazishi,
tunavika vyeti nailoni.
Jioni wateja wakikoma
naachiwa kiti, na kompyuta inayohema kama mbuzi mgonjwa,
nami nafungua picha yangu.

Ni mikono ya shangazi Nantende
mlangoni pa ghala, msimu uliopita.
Amebangua korosho miaka kumi na minne. Mafuta ya ganda
yameila ngozi, ikabanduka, ikaota, ikaliwa tena,
mpaka vidole vikashika weusi
usiotoka kwa limau, kwa majivu, wala kwa Idi.
Akimega mkate
nyumba nzima huutazama mkate.

Chinduli akachungulia begani kwangu.
"Safisha hivyo vidole. Atadhani umemtukana."
Nikajaribu, Mungu anisamehe.
Niliazima ngozi ya kiwiko nikaibandika kwenye gumba,
shangazi akapata mikono ya mtu
ambaye hajawahi kununua unga kwa pesa yake.
Nikarudi nyuma. Hatua moja, mbili, thelathini na moja.
Hiyo ndiyo huruma pekee ya mashine:
inakuacha urudi ulikotoka
pasipo kuulizwa.

Halafu karatasi.
Kwenye kioo mikono ilikuwa na mito na vijia.
Kwenye karatasi ikatoka tope:
vidole, gunia, kivuli cha mlango, vyote lami.
Nikaongeza mwanga, ikawa majivu.
Nikapunguza, ikazama.
Karatasi nzuri ni elfu mbili, mshahara wangu elfu tano kwa siku;
Jumatatu nilikula mwanga,
Jumanne nikala kivuli.

Ndipo nikaanza kuuhesabu weusi.
Upo wa gunia lililoloa.
Upo wa ganda lililoungua, una wekundu kwa ndani.
Upo wa kucha, ambao ukiutazama kwa subira ni samawati.
Upo wa kivuli, huo hauna mwenyewe.
Na printa ina chupa nne tu.
Kati ya weusi na weusi mwanya ni wa unywele,
unautafuta kama tundu la sindano usiku,
unavuta mwanga kidogo, unachapa kipande cha upana wa kiganja,
unakipeleka nje kwenye jua, unarudi, unavuta tena.
Mweusi kabisa niliuacha mahali pamoja:
chini ya ukucha wa kidole cha shahada.

Luku ikaisha katikati ya ukurasa.
Nusu ya mikono ikabaki tumboni mwa printa.
Nikaivuta gizani, wino mbichi,
ukanipaka hadi kifundoni.
Chinduli akawasha tochi ya simu, akacheka:
"Sasa mmefanana."
Hapana, nikamwambia.
Huu wangu unatoka kwa spiriti.

Ya kumi na mbili ndiyo niliyompelekea.
Aliishika pembeni, kwa ncha,
kana kwamba yeye ndiye angeichafua.
Akainama. Akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
"Hapa," akasema, "ndipo kisu kilipoingia.
Nilidhani pameshafunikwa."

Kisha akauliza bei, akasema ni ghali,
akanilipa nusu.
Akataka nyingine, ndogo,
ya kitambulisho cha kikundi chao cha kubangua.
Nikamweleza kwamba wanataka uso.

"Uso," akasema shangazi,
"haujabangua hata korosho moja."