Asilimia Sabini na Moja

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi nalipwa mshahara kutoboa.

Nakilaza kisahani cha silikoni, cheusi, kinachong'aa,
ndani ya asidi isiyofanyiwa mzaha
(glavu juu ya glavu, marhamu ya dharura mfukoni)
kisha naupitisha umeme, polepole.
Umeme unachimba bila kutoa mchanga wala kelele.
Ukimaliza, kitu ni kile kile ila kimekuwa chepesi,
na gramu yake moja, ukizitandaza kuta zake zote za ndani,
ingekaribia kufunika kiwanja cha tenisi.

Kinu kinasaga. Unga unapita kwenye gesi ya moto,
unavikwa ukaa,
maana ukiachwa uchi huzeeka hewani,
na kihisio kilichozeeka husema uongo kwa adabu,
kidogo kidogo, hujui tangu lini.
Ndipo naukoroga wino.

Juu ya plastiki tunachapa vitana viwili vya fedha,
meno yameingiliana, hayagusani.
Juu ya meno, wino wangu wa kijivu.
Ni hicho tu. Unyevu ukipita unaingia vishimoni, unakaa,
na kati ya meno yasiyogusana
kitu kinabadilika, nami nakisoma.
Nakipima kwenye chupa yenye chumvi ya mezani iliyolowa:
chumvi husema sabini na tano.
Katika miaka yangu kumi na moja hapa Kuopio
ni chumvi pekee ambayo haijabadili maneno.

Sampuli ya kumi na nne niliipeleka kwa baba,
ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba ya magogo.
Nikaibandika katika chumba cha kufumia cha mama,
mlango uliofungwa tangu Oktoba.
Nikamwambia ni kwa ajili ya kuvu.
Alitikisa kichwa. Baba hununua maneno kwa bei ghali.

Februari huku, hewa ya ndani hukauka
hata kitasa cha mlango kinakupiga shoti.
Simu yangu ikasoma: kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na saba.
Alhamisi usiku: sabini na moja.
Halafu ikashuka, siku mbili, kama mtu ashukaye ngazi gizani.
Alhamisi iliyofuata, tena.

Nikaushuku wino. Nikaishuku gundi, betri, mikono yangu.
Siku tatu nilirudia chupa na pacha wake, sampuli ya kumi na tano:
sabini na tano, sabini na tano.
Nikashuku bomba limepasuka.
Baba sikumshuku.

Alhamisi nikaendesha gari juu ya barafu ya ziwa,
taa za njano, theluji ikivuka njia kama unga uliomwagika.
Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi.
Juu ya kitanda cha mfumi, zulia limeanikwa, zito,
likidondoka ndani ya mabeseni matatu.
Baba yuko magotini na tambara,
mikono myekundu, ananukia sabuni ya lami.

"Baba, mazulia hufuliwa Julai. Gatini."
"Julai," akasema, "ni mbali."

Nikalisogelea. Mama alifuma kwa nguo zilizotuchoka:
mstari wa buluu ni gauni langu la darasa la tatu,
wa kijivu ni shati la baba la kiwandani,
na ule mwekundu mwembamba, sikuujua.
Sikuuliza.
Nikachukua upande wa pili, tukakamua pamoja,
yeye akizungushia kulia, mimi kushoto,
maji yakishuka hadi kwenye viwiko.

"Hako kakaratasi kako, Hilkka," akasema baadaye,
"kameshaona kuvu?"
"Bado."
"Basi kaache."

Jumatatu, kwenye daftari la maabara,
mbele ya sabini na moja
palikuwa na nafasi ya kuandika sababu.
Nilikaa nayo hadi kahawa ikapoa.
Nikaandika: maji.