Maelezo ya Sahani Saba

Ndugu Mkaguzi,
barua yako nimeipata. Tarishi aliiweka mezani
penye maji ya maharage,
basi uniwie radhi kwa hilo doa.

Unauliza: Alhamisi iliyopita
tiketi mia mbili na kumi na mbili,
sahani mia mbili na kumi na tisa.
Hizo saba zimekwenda wapi?

Zimeliwa.

Ningeishia hapo, ila karani kasema
maelezo sharti yajaze ukurasa.

Jiko letu la Manispaa, hapa Ngamiani,
hufunguliwa saa sita. Saa tano
baiskeli zishaegemea ukuta, moja juu ya nyingine,
kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja.
Bei ni mia tano, kinachopungua hutoa serikali.
Ndivyo bango lisemavyo, nami hulifuta vumbi kila Ijumaa.
Mia tano ni ndogo kwa aliye nayo.

Ya kwanza nilimpa Singano, kibarua wa bandarini.
Alinyoosha mia tatu
na kifungo cha koti alichodhani ni sarafu ya mia mbili.
Akakigeuza kiganjani, akakigeuza tena.
Foleni nyuma yake ikaguna.
Nikakipokea kile kifungo, nikamkatia sahani yake.

Bi Kidawa, mfuaji wa Mabawa, alilipa moja akachukua tatu.
Kanuni namba sita yasema chakula kiliwe papa hapa.
Yeye ana mkwewe asiyeinuka kitandani
na mjukuu asiyetaka kumwacha bibi peke yake.
Hotpoti aliifunga kwa kipande cha kanga,
akaishika ubavuni kama mtu aliyeumwa na mbavu.
Mimi sikuiona. Andika hivyo:
mpakuaji hakuona.

Kisha kuna mtoto wa sare ya shule, soksi moja.
Hakuomba wali, aliomba ukoko.
Ndugu Mkaguzi, ukoko hauna tiketi.
Je, ukoko ni sahani? Nimezisoma kanuni mara mbili, hazisemi.
Nimeuhesabu kwa sababu aliulia kwenye sahani,
na sahani niliiosha mimi.

Yuko bwana wa shati lililopigwa pasi hadi mishono inang'aa,
zamani mwandishi wa mizani kiwanda cha kamba.
Alisema kasahau pochi.
Jumatatu alisema vivyo hivyo. Jumatano pia.
Nami ni nani nimnyang'anye pochi yake?
Nilimwambia, kesho usisahau. Akasema, kesho sisahau.

Ya sita sikumbuki.
Nimekesha nayo. Labda nilikosea kuhesabu,
labda alipita mtu aliyejua kupita.

Ya saba nilikula mimi, saa tisa,
nimesimama, kwa upawa wenyewe.

Na kwa kuwa tumeutaja upawa:
huu mliotuletea mwezi wa pili
nimeupima kwa maji, ubavuni mwa ule wa zamani.
Umepungua vijiko viwili vya kulia.
Vijiko viwili, mara mia mbili na kumi na mbili.
Nilipiga hesabu hiyo juu ya gunia la mchele, kwa mkaa:
mia nne ishirini na nne.
Mchele ni uleule, maharage ni yaleyale,
sufuria ni ileile yenye mpini mmoja.
Basi walipokwisha kula wote waliolipa
nilichungulia chini nikakuta chakula
kilichokatwa midomoni mwao kijiko kijiko,
kimekaa kimya, kinapoa.
Hicho ndicho nilichopakua.
Hesabu hiyo barua yako haikuiuliza.

Zangu nikateni kwenye mshahara.
Saba ni elfu tatu na mia tano,
toeni mia tatu za Singano, zimo kisandukuni.
Ukoko mtaamua wenyewe.

Ukija tena, tafadhali uje saa sita.
Saa kumi masufuria yote ni masafi,
na sufuria safi haina ushahidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Hidaya Mntambo, mpakuaji.

Kiambatisho: kifungo kimoja, cheusi, matundu manne.
Nimekibana kwa pini hapa chini.
Mkishakikagua nirudishieni,
mwenyewe koti lake liko wazi.