Umeshameza?

Daktari aliandika kwenye cheti: mazoezi,
nusu saa, mara tano kwa wiki.
Nikakitia chini ya redio.
Kikakaa. Nami nikakaa.

Si uvivu, Siwema.
Nilipima viwanja vya Sinza kwa miguu hii,
mnyororo wa chuma begani,
hatua ishirini, kigingi, hatua thelathini, kigingi.
Najua umbali wa kila kitu ila huu mmoja:
kutoka kitini hadi kwenye nia ya kuinuka.

Halafu kuna mlango.
Sebuleni natembea. Nikifika kizingitini
miguu inaganda kama imemwagiwa zege.
Ukisema "haya, twende," naganda zaidi.

Na nje ni masika. Mtaro wa Kimanga umefurika,
ubao wa kuvukia umekwenda na maji.
Kuna vijana wa kijiwe cha kahawa:
"Mzee Chambuso leo kaanza mapema."
Sijawahi kuonja pombe. Nitamweleza nani,
kwa sauti hii iliyobaki
kama ya mtu aliye chumba cha pili?

Mwanetu Rehani alileta baiskeli isiyokwenda popote,
laki nne na nusu, mkopo wa kazini.
Siwema anaanikia kanga.
Wallahi zinakauka vizuri.

Aliyenitoa ndani ni Bi Mwanahija,
mpishi mstaafu wa shule. Tulikutana Muhimbili, benchi moja,
mkono wake wa kushoto ukikoroga sufuria isiyoonekana,
wangu wa kulia ukihesabu noti zisizokuwepo.
"Unakaa wapi?"
"Kimanga."
"Basi," akasema, akaandika namba yangu.

Kesho yake, saa mbili na robo, simu:
"Umeshameza?"
"Nimemeza saa mbili."
"Saa tatu kasoro robo, ukutani kwa shule.
Usinisimamishe peke yangu kama mdai."

Dawa ina utaratibu wake:
dakika arobaini za kushika, saa mbili za neema,
kisha inakatika kama umeme, bila taarifa.
Ndani ya saa hizo mbili nina miguu.
Nilikwenda. Si kwa ajili ya cheti.
Nilikwenda kwa sababu mama wa miaka sitini na minane
alikuwa juani na fimbo, akiangalia njia.

Yeye hahesabu moja, mbili. Anapakua:
"Wali. Maharage. Wali. Maharage,"
mguu wa kulia, mguu wa kushoto,
na watoto wa darasa la pili wanaitikia dirishani.
Siku nikisema, "Leo nina huzuni tu, sijui ya nini,"
anasema, "Njoo nayo. Nayo ina miguu."

Jumanne simu haikulia.
Saa mbili na robo. Na nusu. Saa tatu.
Nimeshavaa raba. Siwema ananitazama, hasemi.
Nikapiga mimi.
"Umeshameza?"
Kimya. Kisha:
"Kidonge kiko mezani, Chambuso. Mimi niko mlangoni.
Kijana kaenda kazini."

Nilipita kijiweni, nadhani walisema neno.
Nilivuka mtaro nimeshika bega la muuza mkaa
ambaye hata jina lake silijui.
Mfukoni nilikuwa na chaki ya mjukuu.

Nikainama kizingitini kwa Mwanahija, polepole,
nikachora mstari, na mstari, na mstari,
kiwanja kidogo kuliko vyote nilivyowahi kupima.
"Wali," nikasema.
Mguu wake ukafikiri.
"Maharage," akajibu, akavuka.

Alimeza saa nne kasoro kumi.
Yeye arobaini za kushika,
mimi nimebakiwa na hamsini.
Kumi zilitutosha kufika ukutani.