Safu ya Mengineyo

Kalamu ilikuwa yangu, nisimsingizie mtu.
Karviná, Septemba ya tisini na moja,
masizi ya mgodi yametanda juu ya godoro,
na daftari la chama lina safu ya wanaume
wanaoruka kwa upondo.
Ya wanawake haikuwepo. Nani angeichora?

Akaja Bohumila, dobi wa bafu za wachimbaji,
vidole vimechubuliwa na magadi,
aliyefukuzwa jimnastiki akiwa na miaka kumi na minne
kwa kosa la kurefuka.
Upondo wa kuazima, wa mwanamume,
umeandikwa ubavuni: kilo themanini.
Yeye hamsini na saba, pamoja na viatu.

Daktari wa chama alikwisha kusema:
kizazi kitahama.
Alisema huku akivuta sigara, macho dirishani,
na sisi, tuliojua kwamba mwanamke huyu
hupandisha mashuka mabichi ngazi nne kila alfajiri,
tukaitikia kwa vichwa.

Mara ya kwanza upondo ulikataa kupinda,
ukamrudisha kama mlango unavyomrudisha mdai.
Mara ya pili akashika chini kidogo, akaangukia ubavu.
Mara ya tatu
sijui kuieleza, na nimejaribu miaka thelathini.
Kichwa chini, nyayo juu,
ardhi yote ameisukuma kwa ufito,
na kwa muda mfupi kuliko chafya
hakuwa wetu.
Mwamba ukatikisika. Ukafikiri.
Ukakaa.

Mita mbili na themanini.
Nikaandika wapi?
Chini ya tufe la maveterani,
chini ya gharama ya chokaa na kamba,
mahali palipoandikwa: Mengineyo.

Ilidumu siku tisa.
Msusi mmoja wa Bohumín, Květuše,
akaongeza sentimita moja, akatuma kadi ya posta:
"Pole, jirani. Nilikuwa na upepo mgongoni."
Bohumila akajibu kwa sentimita mbili.
Basi wakaandikiana hivyo, vuli hadi vuli,
sentimita moja, mbili, stempu moja, mbili,
wakipanda ukuta uleule kutoka pande mbili,
na gazeti la wilaya likitangaza mnada wa ng'ombe.

Mwaka elfu mbili
Sydney iliwafungulia wanawake lango la Olimpiki.
Wanaume walikuwa wameshaingia
miaka mia moja na minne kabla.
Kwetu ilikuwa asubuhi. Nilimkuta chumba cha pasi,
televisheni ndogo juu ya pipa la sabuni,
mabinti wa mbali wakipaa juu ya kimo
ambacho yeye hakukifikia hata ndotoni.
Hakulia. Hakushangilia pia.
Ila shuka lililokuwa chini ya pasi
liliungua alama ya mtumbwi,
na akalilipia kwa mshahara wake.

Mchezo huu hauna adabu, nakuambieni.
Mkimbiaji akishinda, amemaliza mbio.
Mruka upondo akishinda, wanamuinulia tena,
na tena, mpaka aangushe.
Bingwa naye huenda nyumbani na misalaba mitatu.
Misalaba ya Bohumila ninayo yote,
nimeichora kwa mkono huu, kwa uangalifu,
safu nisiyompa.

Jumapili iliyopita nilichukua rula.
Nikafungua daftari, karatasi imeshakuwa rangi ya chai,
nikapiga mstari, nikaandika juu yake WANAWAKE,
na chini jina lake, na mita mbili na themanini,
nikampelekea uani kwake,
ambako upondo mwingine, uliopasuka,
unashikilia kamba ya nguo.

Alikausha mikono kwenye aproni.
Akasoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.
"Bwana Oldřich," akasema,
"Hrušková. Umesahau kofia ya s."

Nikampa kalamu.