Imelia?

Taa ya buluu inazunguka, haipati pa kutua.
Zuwena yuko ndani, sikio kwenye kisanduku cha kengele,
mimi nje, Northampton, saa kumi jioni na giza limeshaingia,
manyunyu ya Novemba, kidole kwenye kitufe.
"Imelia?"
"Haijalia."

Kijitabu kina lugha kumi na mbili, yetu haimo.
Kinasema: sogeza kifaa karibu na mtandao.
Nimeusogeza mtandao wenyewe, nimeubeba mkononi,
waya ukinifuata ukumbini kama mbuzi wa kamba.

Haitham, simuni, kutoka Glasgow:
"Baba, humo ndani kuna mitandao miwili, jina moja.
Mmoja una mbio lakini ukuta unaushinda.
Mwingine mzito, unapenya. Kengele inaujua huo tu.
Zima ule wa mbio."
Nikazima.
Tamthilia ya Zuwena ikakatika
mume ndiyo kwanza afungue kinywa kutoa talaka.
Akanitazama. Nikainama nikasoma kijitabu, Kireno.

Neno la siri nimeliandika mara saba, mara saba limekataliwa.
Mara ya nane nikavaa miwani:
pale nilipoweka sifuri palikuwa na herufi O.
Miaka sitini na mbili nikidhani duara ni duara.

Ikashika. Taa ikatulia.
Nikajiona kwenye simu: kichwa boga, miguu njiti,
mvua inametameta kwenye upara,
mwizi hasa, tena wa nyumba yangu mwenyewe.
"Imelia?"
"Bonyeza basi!"
"Nimebonyeza."
"Basi haijalia."

Maureen wa namba kumi na tisa akapita na mbwa wake,
akauliza kama nimefungiwa nje.
Nikamwambia hapana, nabisha kwangu.
Akacheka kwa adabu. Mbwa akainusa keekee.

Chini ya ngazi, nyuma ya mifuko ya tende za Ramadhani iliyopita,
kuna transfoma, kongwe, ina kutu,
iliyofungwa na fundi ambaye huenda kaburi lake limeshaota nyasi.
Volti nane. Mashine inataka kumi na sita.
Inashinda nusu tumbo: jicho linaona,
sauti haina nguvu ya kufika ndani.
Nikasema, tutaiacha hivyo hivyo mpaka Jumamosi.

Alhamisi, ghalani, katikati ya maboksi,
simu ikatetemeka: Kuna mtu mlangoni kwako.
Bi Raya.
Koti zito juu ya baibui, sahani imefunikwa foili.
Kitufe hakukigusa. Sijui hakukiona, sijui hakukitaka.
"Hodi."
Akasogea kando, akageuza uso upande wa barabara,
asije akachungulia nyumba ya watu mlango ukifunguliwa,
na jicho langu la plastiki likamkodolea,
likamhesabia hata vifungo vya koti.
"Hodi jamani."
Jikoni Zuwena anakaanga, feni inavuma juu ya jiko.
"Hodi ya tatu hii."
Kisha akashuka ngazi, mkono mmoja ukutani,
sahani mkononi, akaondoka nayo.

Nikabonyeza alama ya kipaza: "Karibu, Bi Raya! Pita, pita ndani!"
Msimamizi wangu akageuka.
Chini ya picha paliandikwa: dakika kumi na moja zilizopita.
Sauti yangu ilikuwa inaukaribisha mlango mtupu, kibaraza kimelowa.

Jioni nikampigia kumwomba radhi. Akasema,
"Si kitu, zilikuwa kaimati tu. Nimempa Maureen."

Leo Jumamosi. Transfoma mpya, pauni kumi na tisa,
waya mwekundu mahali pake, umeme umerudi.
Nimesimama nje. Kidole kimekaribia kitufe
kikasita, sijui kwa nini.
Nikajikohoza. Nikaita, "Hodi!"

Na Zuwena, kutoka jikoni, ng'ambo ya milango miwili, wazi kabisa:
"Bado haijalia!"