Mpigaji wa Nne

Kanda ya kwanza Veikko aliirekodi jikoni,
Tampere, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nguo,
Februari, theluji imepanda hadi nusu ya dirisha,
na jokofu la mama yake likinguruma
sauti isiyomo katika kinanda chochote:
juu kidogo ya nota moja, chini kidogo ya jirani yake.
"Lizime," akasema Sirkka, vijiti vya dramu mkononi.
"Likizimwa haliwaki tena. Nalijua."
Basi akalegeza nyuzi, moja moja,
gitaa likalifuata jokofu.

Ndivyo tulivyopotoka sote.
Ilpo akashusha besi yake bila kuuliza.
Sirkka akafunika dramu kwa taulo la sauna.
Mimi, mwenye mashine, nikaandika kwenye boksi:
nyimbo sita, na ngurumo.

Watu waliipenda. Sijui kwa nini.
Labda kila nyumba ina kitu kinachonguruma
na wenyewe wamezoea kupaza sauti kukishinda.

Kisha wakaja wengine.
Bi Aune wa Joensuu, na kantele yake ya nyuzi kumi,
aliisikiliza kanda mara tatu, akacheka:
"Hili gitaa linakosea kwa adabu."
Akakaza, akalegeza, akaingia.
Mpiga tarumbeta kutoka Tallinn alishindwa.
Shaba haisikii la mtu.
Alipuliza siku mbili, akaondoka kwa hasira,
tukabakiza pumzi yake tu, mwanzoni mwa wimbo wa nne.
Ipo. Sikiliza.

Ilpo alikufa bendi ikiwa na miaka kumi na mmoja.
Veikko hakutafuta mpiga besi mwingine;
aliokota yaliyosalia kwenye kanda za majaribio,
vipande, kikohozi, kiti kinacholia,
akatunga wimbo wa kuvizunguka,
kama mtu anayejenga nyumba kwa kufuata ufa.

Mwaka huu kampuni moja ya Helsinki imetaka
tuisafishe albamu ile ya jikoni.
Kijana wao ana kompyuta: gusa hapa, ngurumo inatoweka.
Akagusa.
Tukasikia gitaa peke yake,
limepinda shingo, likimsikiliza asiyekuwepo.

Veikko alisimama, akavaa kofia.
"Mrudishe," akasema.
Na kwenye jalada, chini ya jina la Ilpo,
akaandika kwa kalamu ya risasi:
Jokofu. Ngurumo, nyimbo zote.

Mama yake alishaliuza zamani.
Jipya, alilalamika, lilikuwa kimya mno,
usingizi haukumjia.