Mwandika Muhtasari

Ajenda ya nne, niliandika: mrithi wa mkurugenzi mkuu.
Sikuandika kwamba Mzee Cirhuza alitoka nje
kabla sijafika kwenye nukta,
akasimama barazani akiangalia ziwa
kama mgonjwa anayengoja jina la mwingine liitwe.

Ukumbi ni wa kukodi, hapa Nguba. Chai imepoa.
Wajumbe watano, kalamu tano za bure za benki.
Benki ndiyo iliyouliza, si sisi.
Sisi tungeuliza nini? Miaka ishirini na sita
tulisema "Mzee atajua," na kweli Mzee alijua:
bei ya mawese Uvira kabla lori halijapakia,
jina la kifungua mimba wa kila mpakiaji,
na sabuni ikigoma kuganda, aliilamba,
akatema, akasema: magadi yamezidi, ongezeni mafuta.

Ulimi kama huo utaupigiaje kura?

Alianza na sufuria moja Kadutu, ya kuazima.
Leo ni mapipa manne ya kuchemshia, malori sita,
watu mia na arobaini, na mimi.

Wakili Mugaruka, mwenyekiti, alisema taratibu
kama anayebandua plasta kwenye kidonda:
"Hatukufukuzi, Mzee. Ukiugua kesho, je?"
"Kesho ni Jumapili," Mzee akajibu.
Wakacheka. Niliandika: kicheko.
Kisha nikafuta.

Mwanawe alipigiwa simu Ubelgiji, spika mezani.
Alisema anaiheshimu sana sabuni ya baba,
ila kule yeye huoga na ile ya maji.
Ajenda ikafupika hapo hapo.

Likabaki jina la Nsimire,
aliyeingia kama mhesabu wa magunia,
aliyewahi kumwambia Mzee "hapana" mbele ya madereva.
Wiki mbili Mzee hakumsemesha.
Ya tatu, akampandisha mshahara.

Mikono minne. Wa tano ulibaki umeshika kalamu;
muhtasari unamwita "mjumbe mmoja," na inatosha.
Mzee alitia sahihi polepole, herufi moja moja,
kama watu wanavyosaini kitabu cha maombolezo.

Ila ufunguo wa ghala la magadi hakuutoa.
Katiba ya kampuni ina vifungu arobaini na kimoja,
hakuna hata kimoja kinachotaja ufunguo.

Basi miezi mitatu tukawa na wakurugenzi wawili:
mmoja ofisini, mwingine getini alfajiri,
akiwauliza wapakiaji wameagizwa nini,
naye akiongeza lake, kidogo tu, kidogo tu,
kama chumvi,
mpaka mchuzi ukawa hauliki.
Benki ikaandika barua. Wajumbe wakaandikiana.
Nsimire hakuandika. Alikwenda Nyawera, akanunua kufuli.

Asubuhi hiyo niliuona mkono wa Mzee.
Ufunguo uliingia. Haukuzunguka.
Aliutoa, akaupangusa kwenye suruali, akajaribu tena,
halafu akautazama tu, kama senti
za nchi ambayo imekwisha badilisha fedha.
Hakupiga kelele. Aliondoka kwa miguu, dereva nyuma yake
akiendesha mwendo wa kusindikiza maiti.

Hakuja tena. Wiki, mwezi.

Usiku mmoja umeme wa Ruzizi ulikatika,
pipa la tatu likagoma.
Nsimire alimpigia: "Sitaki amri, Mzee. Njoo uonje."
Akaja na koti juu ya pajama.
Alichota kwa kijiti, akakileta karibu na mdomo,
akasita.
Akamnyoshea yeye.
"Onja wewe. Unasikia nini?"
Nsimire alilamba, akakunja uso.
"Magadi," akasema. "Lakini si mengi. Ni moto mdogo."
Mzee alingoja. Sisi sote tulingoja.
"Basi waambie wachochee," akasema, "mimi wananitazamia nini?"

Haikuwa ajenda. Hakuna aliyenituma kuandika.
Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya mvua.